Unga Wenye Chuma

Miaka ile tulipohamia kijiji cha ujamaa, bara kupita mji mdogo wa Mtama, mashine ya kusaga ya kijiji niliiendesha mimi. Kamati ilinichagua kwa kuwa niliwahi kufanya kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Lindi, na sikuogopa kelele za injini. Wanawake wenzangu walifurahi. Mchi ulikuwa umewachubua viganja tangu usichana.

Ndani ya mashine kulikuwa na nyundo, yaani vipande bapa vya chuma vinavyozunguka kwa kasi na kuyapasua mahindi. Mahindi na makopa ya muhogo tuliyaanika chini, kwa hiyo yalikuja na mchanga, na mchanga ndio uliozila nyundo. Zile zilizokuja na mashine zilidumu. Zilipokwisha tukachongewa nyingine za chuma cha kawaida, nazo zikalika kama sabuni.

Asubuhi moja wifi yangu, dada wa mume wangu, alinijia na bakuli la uji. Ndani, kwenye kitako, palikuwa na vumbi jeusi.

"Wifi, hiki nini?"

Nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Nikaipitisha kwenye unga. Ilitoka imeota ndevu za chuma.

Binti yake mdogo alikuwa na siku kadhaa akilalamika tumbo, na siku hiyo alikataa hata maji.

"Umemlisha mwanangu chuma," wifi alisema.

Nilizima injini, nikafunga mlango. Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinatwanga tena, na kila mchi ulioshuka niliona unanishukia mimi.

Kesho yake lilipita lori la korosho. Wifi alipanda na mtoto ampeleke zahanati Mtama. Mimi nilipanda na kikapu cha nyundo zilizolika, niende nazo Lindi. Mtoto alilala mapajani mwa mama yake, midomo imemkauka, nami nikawa namwomba Mungu kimoyomoyo, hata sijui niombe nini kwanza. Waliposhuka Mtama, wifi hakugeuka.

Lindi nilimwendea fundi wa kuchomelea, mzee mnene mwenye miwani myeusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?" Alizigeuzageuza zile nyundo. "Chuma hiki laini. Mchanga unakitafuna."

"Basi nitengenezee ngumu tupu."

"Ngumu tupu ikikutana na jiwe itapasuka kama chungu, vipande virukie kwenye unga. Unataka hivyo?"

Nilitikisa kichwa haraka.

Alikata nyundo mpya kwenye springi kuukuu ya lori. Kisha, kwenye kona zinazopiga nafaka, akayeyushia vijiti vya kuchomelea vya aina nyingine, mpaka kila kona ikavaa ngozi yenye mabonge. "Mwili uvumilie kipigo, kona ivumilie mchanga," alisema, akanipa tupa nijaribu mwenyewe. Kwenye mwili tupa iliuma. Kwenye kona iliteleza kama juu ya kioo. Tukazipima kwenye mizani, alizozidisha uzito akazipunguza, maana nyundo zisipolingana mashine hutetema mpaka ikang'oka.

Niliporudi, lori lilisimama Mtama. Nilishuka, nikaenda zahanati. Mtoto alikuwa amekaa barazani, anafyonza chungwa, maji yakimtiririka mpaka viwikoni.

Wifi aliinuka. "Minyoo, wifi. Mganga kasema minyoo. Kampa dawa, imetoka tele."

"Na chuma?"

"Nilimuuliza. Kasema vumbi kama lile hupita tu, ila tusiendelee kulila."

Niliketi pale pale sakafuni, nikalia.

"Unalia nini sasa, na mtoto mzima?" wifi alisema, naye akawa anacheka huku anajifuta macho kwa kanga. "Nilikusema vibaya. Niwie radhi."

"Yamekwisha, wifi."

Nyundo nilizifunga siku ile ile tuliyofika. Niliwaambia wanawake wapepete na kuosha nafaka kwanza, na hakuna aliyebisha. Mavuno yote yalisagwa, na kona zile zilikuwa bado ni kona. Wa kwanza kuleta debe la mahindi, siku ile nilipozifunga, alikuwa wifi. Alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, akipiga kelele kuishinda injini, eti nisage unga laini, wa ugali, siyo chenga za kulishia kuku.