Nyumba ya Kutazamwa

Kama umewahi kuletwa Beijing na kampuni ya matembezi, ukapandishwa baiskeli ya miguu mitatu na kupitishwa vichochoroni nyuma ya Mnara wa Ngoma, huenda umekunywa chai ya Guan Shulin. Kwenye ratiba yenu iliandikwa kwamba mtaitembelea familia ya kawaida ya mjini. Familia yenyewe ilikuwa yeye na mkewe. Mimi, Ning, nakaa upande wa pili wa ua huohuo, dirisha langu linatazamana na lao, lakini ratibani hawakuniweka. Kampuni ilisema sina breki mdomoni.

Guan alizaliwa katika chumba kilekile alichopokelea wageni. Alifanya kazi kiwanda cha vipimajoto mpaka kikafungwa, na huko ndiko alikompata Qin Peiyun, msichana wa idara ya vioo. Mwanamume huyu hakuwa na maneno. Unaweza kukaa naye asubuhi nzima ukaambulia "mm" mbili. Alichojua ni kufagia ua, hata siku ambayo hakuna jani la kufagia. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe, wifi yangu wa hiari, maana baada ya kuishi ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo sikuwa na jina jingine la kumwita.

Wifi Peiyun hakuweza kumwona mtu akipita mlangoni asimwite ndani. Msoma mita ya umeme alikuwa akitoka kwao ameshiba jiaozi za nyama, mita yenyewe hajaisoma. Na mgeni akiaga, hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kwetu mgeni husema, "Rudi ndani," mwenyeji akasema, "Acha nikufikishe mlangoni." Wakifika mlangoni wanabishana tena mpaka kona. Mwenyeji mwenye adabu hampi mgeni mgongo kabla hajapotea machoni. Wengi tumeshaacha mambo hayo, tunaagana tukiwa tumekaa. Wifi hakuacha.

Kisha akaanza kusahau. Kwanza ilikuwa chumvi, halafu jina la mwanawe, halafu majira fulani ya baridi alimwuliza mumewe kwa heshima kubwa, "Samahani bwana, watu wako wanakuja kukuchukua lini?" Guan akatoka nje akafagia. Nilimwona kupitia dirishani, anafagia theluji usiku unaingia.

Lakini wageni walimrudishia uhai. Akimwona mtu mgeni mlangoni, mgongo unanyooka, macho yanawaka, "Karibuni, chai yetu mbovu, mtusamehe." Adabu haikumtoka hata siku moja. Ndiyo maana Guan akakubali kampuni imletee makundi, yeye asiyependa watu. Mkewe alipata wa kuongea nao, na malipo yalimlipa mama aliyekuja kumwogesha.

Mtoto wao, Heng, anayeishi Shenzhen, hakupenda. Alikuja Mwaka Mpya akasimama katikati ya ua, nami nikasikia kila neno, maana kuta zetu ni karatasi.

"Baba, umemfanya mama maonyesho."

"Anafurahi," Guan akasema.

"Kuna nyumba ya wazee huko Changping, safi, na wauguzi wapo. Nimeshaongea nao."

"Haendi."

"Sawa. Lakini akipotea, hata mara moja tu, namchukua. Na hapo usiniambie haendi."

"Hatapotea," Guan akasema. "Mimi nipo."

Akaongeza kufuli ya pili mlangoni, na tangu siku hiyo akawa halali vizuri. Akiamka akakuta upande wa pili wa kitanda hauna mtu, nilimsikia akiita. Aliogopa kitu hicho kimoja tu duniani, mkewe kulala chini ya dari ambayo si yao.

Siku yenyewe ilikuwa ya majira ya kuchipua, jua kali la mapema. Kiongozi Luan alileta kundi la wazee kutoka Henan, wote wamevaa kofia za njano. Luan ni mtu mzima wa kukimbiakimbia, bendera mkononi, kipaza sauti kiunoni, shati limelowa.

"Luan, leo umetuletea chekechea nzima?" nikamwita kutoka dirishani.

"Shangazi Ning, nihurumie. Mchana tunatakiwa Ukuta Mkuu, na hawa kila hatua wanataka choo."

"Ngoja ufike umri wao. Utakitafuta choo na hiyo bendera mkononi."

Wazee wakacheka, wakaingia. Wifi aliwapokea kama ndugu waliopotezana. Alimshika mkono bibi mmoja wa Henan, wakaongea kuhusu kabichi za kuchachusha mpaka chai ikaisha. Bibi yule akampenda. Walipokuwa wanatoka akavua kofia yake akamvika wifi: "Dada, jua litakuumiza, vaa hii. Mimi nina kitambaa."

Siku nyingine zote wageni walipanda baiskeli na kuyeyuka mara moja, wifi akabaki mlangoni anapunga mkono. Lakini asubuhi ile baiskeli zilikuwa zimezuiwa kuingia kwa sababu ya bomba lililochimbuliwa, na kundi likaenda kwa miguu, taratibu, mwendo wa wazee. Guan alikuwa jikoni anaosha vikombe. Alisikia sauti ya mkewe mlangoni, "Nawafikisha pale tu," akajua ni kawaida yake. Mimi nilikuwa nimekwenda zahanati kupimwa presha. Naye wifi akawafikisha mlangoni, akawafikisha kona, na kwa kuwa walikuwa bado hawajapotea machoni, akaendelea. Akawafikisha mpaka kwenye basi. Bibi wa Henan akamvuta mkono apande waendelee na mazungumzo, akidhani ni mwenyeji wa kampuni. Luan akahesabu kofia za njano. Zilitimia. Basi likaondoka.

Guan alipotoka jikoni na kukuta mlango wazi, akatoka kumtafuta. Niliporudi nilimkuta anaingia choo cha mtaani cha wanawake, chumba kwa chumba, huku wanawake wakimtukana. Mkononi alikuwa bado na kitambaa cha vikombe.

Luan akapiga simu alipofika kwenye Ukuta. Alikuwa analia. Tukachukua teksi, na njia nzima Guan alikunja na kukunjua kile kitambaa cha vikombe.

Tulimkuta wifi kwenye maegesho, amekaa kwenye kibaraza cha duka la zawadi, kofia ya njano kichwani, koti la Luan limefunikwa magotini. Alikuwa amejikojolea. Kuna watu wanaosahau kila kitu wakasahau na aibu, lakini yeye hii hakuisahau, alikuwa amelibana lile koti kwa mikono miwili na hataki kumtazama mtu.

"Peiyun," Guan akasema. "Twende nyumbani."

"Ahsante, bwana," akamjibu, "ila namsubiri mume wangu. Akija asinikute hivi."

Guan akapiga magoti pale chini, kwenye maganda ya karanga, akaweka paji la uso juu ya magoti ya mkewe. Watalii wakawapita kwa pembeni. Mmoja akapiga picha, nikamtukana mpaka akafuta.

Heng alifika kesho yake kwa ndege. Hakugomba, na ingekuwa afadhali agombe. Alikunja nguo za mama yake huku baba yake amesimama mlangoni, na Guan hakusema haendi.

Changping ni mbali, lakini Guan alikwenda kila siku. Haikusaidia. Mkewe alimpokea kama mgeni, akamwomba radhi kwa chai, na alipoaga akamsindikiza mpaka mlango wa mwisho, ule wa kufuli. Hapo sasa mwenyeji anatakiwa asimame mpaka mgeni apotee. Mlango ule ulikuwa na kioo, na barabara ya nje imenyooka. Wifi alisimama, na hata Guan alipokuwa ameshapotea kabisa, aliendelea kusimama, maana alikuwa hakumbuki kama mgeni ameshafika kona au bado. Wauguzi walishindwa kumkalisha. Miguu ikamvimba. Mwishowe muuguzi mkuu akamwita Guan pembeni akamwambia kwa upole, "Mzee, kwa ajili yake, usije sana."

Akaacha kwenda sana. Baadaye akaacha kwenda.

Majira ya joto Luan akaja, hana bendera, ameshika matofaa. "Mzee Guan, naona hata haya kuuliza. Kampuni inataka kujua kama bado unapokea."

Nilidhani atamtimua, na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kusaidia. Akasema, "Walete." Jioni akaja kugonga kwangu.

"Dada Ning, ratiba inasema mume na mke."

"Kaka Guan, umerukwa na akili? Pesa za kumlipa mwogeshaji hazihitajiki tena. Unawataka wa nini?"

"Ndani hakuna sauti," akasema.

Asubuhi nikachana nywele nikaenda kukaa kwenye kiti cha wifi.

Walikuja watu wa Shandong. Mzee mmoja mcheshi akauliza tulikutanaje. Nikafungua mdomo nidanganye kitu, lakini Guan akaniwahi. Akawaeleza kuhusu kiwanda, na msichana wa idara ya vioo aliyepuliza vioo mpaka mashavu yakaiva, aliyemwita akale naye kwa sababu tu alikuwa amepita mbele ya mlango. Akawaeleza nyimbo alizoimba, na alivyokuwa akibishana na wauza samaki. Sijawahi kumsikia mtu huyu akisema maneno mengi hivyo. Wageni wakawa wananitazama mimi na kutabasamu, nami nikainamisha macho.

"Mama, una bahati," mwanamke mmoja akaniambia. "Angalia anavyokupenda."

Guan akageuka, uso umemchangamka, akanyoosha mkono anionyeshe kwao. Mkono ukabaki hewani. Nikaona alipokumbuka ni nani aliyekaa pale.

"Kunyweni chai," akawaambia. "Inapoa."