Mluzi wa Kuitia Upepo

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, kabla mgodi haujazungushia uzio kijiji chetu, upepo tuliujua kwa masikio. Ukipita kwenye minyaa ya uani ukalia kwa sauti nyembamba, mama alijua huo ni wa kupepetea, anatoa mpunga. Ukigoma, alikunja midomo akapiga mluzi mrefu wa kuuita, na kweli ulikuja! Sisi wasichana tukijaribu, kofi. "Mtoto wa kike hapigi mluzi!" Sasa yeye alikuwa nani? Tulicheka nyuma ya kihenge, midomo imejaa michembe ya viazi vikavu na karanga. Watoto wa siku hizi waulize upepo unatoka wapi, watakutolea simu.

Kisha mgodi ukapanuka. Wakaja wakubwa, wakafungiwa turubai, wakasema, "Tumekuja kuwasikiliza." Tukaongea mpaka koo zikakauka. Wakajibu, "Tumewasikia." Haukupita muda vikaja vigingi, halafu uzio. Tukahamia upande wa Segese, kaburi la baba, pale uani penye minyaa, likabaki ndani ya uzio. Tangu siku hiyo, mtu akimwambia mama amekuja kusikiliza, mama anamwonyesha njia.

Sasa juzijuzi kaja binti kutoka mjini, kabeba kinasa sauti chenye manyoya kama paka.

"Shikamoo mama. Mimi ni msanii wa sauti. Nimekuja kusikiliza upepo."

"Marahaba. Kausikilize kwenu."

Nilikuwa upande wa mama. Nani anasafiri siku nzima kufuata upepo? Huyu mpimaji tu, nikajiambia, wanataka kutuhamisha tena. Nilichungulia hadi begi lake nione kama lina vigingi. Akaeleza kwamba sauti hizo zitasikilizwa mjini, mbele ya wakubwa, wajue mgodi umebadili nini. Wakubwa tena! Majirani walishamdokeza habari za mluzi wa mama, akaomba aunase. Binti akamvalisha hedifoni asikie alichokwisha kunasa.

Mama akanishika mkono, akaukaza.

"Ng'wanawane, mwanangu, hii ni minyaa yetu. Ile ya kaburini kwa baba yako."

Machozi yalimtoka, na mimi nikashindwa kujizuia. Ndipo akavua hedifoni, akamkazia binti macho.

"Huko ndani uliingiaje?"

"Niliandika barua, mama. Wakanipa kibali."

"Hata sisi tuliandika, tukaomba kuzuru kaburi. Hadi leo hatujajibiwa."

Binti akainamisha kichwa. Sijui kama alikuwa na aibu au anaigiza, hao watu wa mjini huwezi kuwajua.

"Mluzi sikupi," mama akasema. "Kawaambie hao wakubwa, nitaupiga hukohuko kaburini, siku nikipelekwa."

Enzi zetu mama alipiga mluzi na upepo ukaja. Siku hizi upepo unakuja wenyewe kila jioni kutoka upande wa uzio, na mama anakaa kibarazani, midomo kaifunga, anasubiri barua.