Hodi kwa Mzee wa Kiayalandi

Mama yangu alizikwa Kigoma mwezi wa Julai, Sydney ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona. Niliyatazama mazishi kwenye simu, jikoni kwetu Granville, kitongoji cha jiji hilo, mtandao ukakatika kabla jeneza halijashushwa. Nikaosha vyombo. Sikulia siku ile wala zilizofuata. Nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima. Nilikwenda kazini kuhudumia wazee, nikarudi, nikapika.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kiayalandi aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia. Mwisho wa mwezi aliniita kwenye uzio, barakoa kidevuni.

"Nina ombi la kijinga," alisema.

Kwao, baridi ikianza kulegea na kondoo wakianza kutoa maziwa, hukaribisha mtakatifu mmoja wa kike. Jioni ya mkesha mwanamke wa nyumba hutoka nje, hukumbatia matete, hubisha mlango, na walio ndani humkaribisha. Huko ni Februari; huku Februari ni jua kali, ndiyo maana mkewe aliihamishia Agosti. Miaka yote mkewe ndiye aliyebisha; sasa alitaka nibishe mimi.

"Siruhusiwi kuingia kwako," nikamwambia.

"Usiingie. Bisha tu."

Basi nikakata matete kwenye kijito cha karibu na mtaa wetu. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza ninakwenda wapi. Nikamjibu, "Kwa jirani." Hakuinua macho kutoka kwenye tableti.

Nilipofika mlangoni, maneno ya Kiayalandi aliyonifundisha yakanipotea. Nikasema yaliyokuja.

"Hodi!"

Nikagonga mlango kwa kiwiko.

"Hodi! Hodi jamani!"

Kutoka ndani sauti yake ikajibu polepole, "Karibu. Karibu sana." Alikuwa amelisikia neno hilo miaka mingi, wageni wetu wakija. Kisha nikamsikia analia. Nikasimama na matete yamenilowesha kifua, nami nikingoja machozi yangu. Hayakuja. Nikayaweka matete kizingitini, nikarudi nyumbani.

Asubuhi alinipitishia juu ya uzio msalaba alioufuma kwa matete yale.

"Utundike juu ya mlango. Unalinda nyumba dhidi ya moto."

Nikautundika. Sikuhisi kitu, ila nilimshukuru.

Agosti iliyofuata alikuwa amehamia kwa mwanawe kule Ingleburn, na nyumba yake wameipanga vijana. Jioni moja, nikitoka kazini, nilipita mbele ya nyumba ile, mti wa mimosa umechanua manjano barabarani. Baada ya mwaka mzima wa ganzi, vidole viliniuma kwa baridi. Nikavifikicha, nikaendelea kutembea.