Redio ya Minibasi ya Bweyeye

Siku ya kwanza ya kazi ya kufunga redio za magari, Patron wangu, yaani bosi, pale Kamembe, jirani na stendi ya magari, hakunipa bisibisi. Alinipa taa ya kupimia: globu ndogo yenye nyaya mbili, mmoja unaugusisha kwenye bodi ya gari, mwingine kwenye waya usioujua. Ikiwaka, kuna moto, yaani umeme. "Usiamini rangi," alisema. "Rangi ni maneno ya muntu aliyekutangulia." Nilisoma shule miaka mitano tu, lakini hilo nililielewa.

Tulifumua redio zilizofungwa vibaya, tukalehemu nyaya upya, tukatia fyuzi karibu na betri. Redio ina nyaya mbili za moto. Wa njano hutoka betrini moja kwa moja, kutunza kumbukumbu ya stesheni. Mwekundu hupitia kwenye ufunguo, ili gari likizimwa redio nayo inyamaze. Madereva wa minibasi hawakupenda hivyo. Walitaka muziki wakiita abiria, gari limezimwa. Basi tulizisokota pamoja, njano na nyekundu, zote zikavuta moto betrini moja kwa moja; tuliita kuzioza, kama bwana na bibi harusi. Patron aliruhusu kwa sharti: "Mwambie mwenye gari kwa kinywa chako: kushusha sauti si kuzima. Ampli ya kukuza sauti inaendelea kula betri."

Patron alipochoka na kazi, nilihamia kwa Shefu wa karakana nyingine, mkali lakini wa haki. Huko alikuja Papa Amani, dereva wa njia ya Bweyeye.

"Fundi, nikizima gari tu, redio inanyamaza kama muntu aliyefiwa! Bantu banapanda kwa mwenzangu juu ya musiki. Miye nabeba mihogo tu."

"Na kuku," Shefu akamchokoza. "Lakini kuku hawalipi."

Tulicheka. Nilifumua kila kitu, nikaweka ampli na spika mpya, nikaoza zile nyaya. Nadhani ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Aliondoka akipiga honi.

Wiki ya pili, mvua ilinyesha. Papa Amani alilaza gari nyumbani, sauti ameishusha tu. Alfajiri mke wake akashikwa na uchungu wa kuzaa. Gari halikuwaka. Walisukuma, matope yakawashinda. Majirani wakambeba mama kwa ingobyi, machela yetu ya mabegani. Mama alipona. Mtoto alizaliwa njiani, hakulia.

"Betri ilikuwa muzee," Shefu aliniambia. Hakunidanganya, ilikuwa ya zamani kweli. Lakini mimi nilijiuliza: je, nilimwambia? Nikafungua daftari langu la siku ile. Nimeandika ampli, spika, fyuzi, hata hali ya hewa: mawingu kidogo. Onyo sikuliandika. Wala sikumbuki kulisema.

Nilikwenda nyumbani kwao kutoa pole. Mkewe alikuwa ameketi kando yake, kanga begani.

"Papa Amani," nikasema, "ile redio... sijui kama nilikuambia habari ya kuizima."

Alitazama chini.

"Uliniambia, fundi. Ndo miye nilisahau."

Mkewe akamgeukia, akamtazama. Kisha akaniletea chai.

Sasa nimestaafu; macho hayatofautishi tena njano na nyekundu. Baada ya siku ile kila mteja nilimwonya mara mbili, hata wakanicheka. Papa Amani amekwisha kufa. Kama alisema kweli, nimemdhania uongo bure mtu aliyekiri kosa lake. Kama alinihurumia, basi nilimwacha alibebe langu mbele ya mkewe, na mimi nikanywa chai yao.