Nilivyovaa Kitabu cha Mama Neema

Nichekeni tu, maana mimi nimeshindwa. Vuli hii ya tisini na nane, Wachina wakijiandaa kwa Sikukuu yao ya Mwezi, Mama Neema, mfanyabiashara mwenzetu wa Mbeya hapa mtaa wa Xiaobei, Uchina, alituwekea shindano: kila mmoja asome kitabu chenye habari za mwezi, kisha akisimulie tukila keki za sikukuu. Mimi sikuwa nacho, akaniazima cha kwake, alichoachiwa na marehemu mumewe.

Sikukigusa mpaka siku yenyewe. Viatu vyangu vipya vya soko la Zhanxi vilinipwaya, na chumbani hapakuwa na karatasi nyingine. Nikachana kurasa za mwisho za kitabu, nikazijaza kwenye ncha za viatu. Mjinga mimi, nikajiona mjanja!

Kwa Mama Neema viatu huvuliwa mlangoni. Nikavua, nikaketi, nikajigamba: "Mama Neema, nimekisoma chote. Mwisho wake umeniliza!"

"Hata mimi huniliza," akasema, huku akiinama kupanga viatu vyetu. Akachomoa karatasi kwenye kiatu changu, akainyoosha gotini taratibu.

"Haya, baba," akaniambia bila kuniangalia. "Tusomee hapo ulipolia."