Ukurasa Mmoja wa Bwana Nukuu

Wanafunzi walimwita Bwana Nukuu, kwa kuwa katika miaka ishirini na miwili ya kufundisha Kiingereza hakuwahi kumwuliza mtoto yeyote anafikiri nini. Aliingia, akapangusa kiti kwa leso, akafungua daftari alilorithi kwa mwalimu aliyemtangulia, akasema, "Nukuuni." Debe tupu haliachi kuvuma, na lake lilivuma vipindi sita kwa siku.

Kila mwaka kifungu kilikuwa kilekile: ukurasa mmoja wa riwaya, mama anaosha vyombo akimngoja mwanawe, yote katika sentensi moja ndefu isiyotua mpaka mwisho. Daftari lilisema urefu ule unaonyesha furaha ya mama. Riwaya yenyewe Bwana Nukuu hakuisoma. Ukurasa anao, kitabu cha nini?

Mwaka wa ishirini na mbili darasani alikuwamo mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliyeishi kwake. Ukaja mtihani wa kuchagua watakaoendelea na fasihi, jambo pekee alilolitaka binti huyo duniani. Aliandika kwamba mama hana furaha hata chembe: mwanawe amekwisha kufa, naye anajua, na sentensi haitui kwa sababu mama anaogopa kunyamaza. Mjomba akampa sifuri, nyekundu, ya mviringo safi. Swali hilo lilibeba nusu ya alama zote.

"Mjomba, mimi kitabu nimekisoma chote," binti alimwambia Jumamosi, wakila chakula cha mchana.

"Nani alikutuma?"

Akamnyang'anya kitabu ili amwonyeshe alivyopotoka. Akakaa sebuleni, miguu juu ya meza, kidole kikifuata mistari. Sura ya pili, kabla ya ule ukurasa wake, kijana akazikwa. Bwana Nukuu akarudia kusoma, labda ni kijana mwingine. Alikuwa yuleyule. Miaka ishirini na miwili amewafundisha watoto wa watu kushangilia msiba! Mwenye haya angelia. Yeye alichungulia jikoni kuona kama kuna aliyemtazama.

Jumatatu aliingia darasani kifua mbele.

"Futeni jibu la zamani. Nimekifanyia utafiti kifungu hiki. Nukuuni: mama hana furaha hata chembe..."

Akatamka maneno ya mpwa wake moja baada ya jingine, hata ile hofu ya kunyamaza hakuiacha. Darasa zima likaandika. Mpwa naye aliandika, kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa alama yangu je?"

Orodha ya waliochaguliwa ilikuwa bado mfukoni mwa Bwana Nukuu, haijafika kwa mkuu wa shule. Kalamu anayo, na nafasi ya jina moja ipo.

"Wewe," alisema, "ulijibu kabla sijafundisha."

Kengele ilipolia akaipeleka orodha kama ilivyokuwa.