Maji Tu Hayo, Bosi

Kiwandani walimwita Mama Chokaa, kwa kuwa kila jioni alitoka mweupe kama aliyeangukiwa na gunia la unga. Kazi yake ilikuwa kusafisha uchafu wa wengine, na kazi hiyo, kama ijulikanavyo, haina asante. Wenzake walipaka vyuma kromu vikang'aa hadi unahesabu meno yako. Yeye aliachiwa maji ya njano yaliyobaki, yenye sumu ya kumuua samaki na aliyemla samaki. Aliyatia dawa mpaka yakawa kijani, kisha akayatia chokaa, sumu ikaganda na kuzama kama machicha ya chai. Maji safi ya juu ndiyo aliyoyafungulia koki yaende kijitoni.

Huko bondeni mama mkwe wake alilima mboga, akazimwagilia kwa maji hayo hayo, na wajukuu wakazila. Kwa hiyo Mama Chokaa hakuhitaji msimamizi.

Bahati mbaya alikuwa na bosi, na bosi alikuwa na akili nyingi. Siku moja alichungulia mtaroni, akaona maji yalivyotakata.

"Maji safi hivi, dawa ya nini tena?"

"Ni safi kwa sababu ya dawa, bosi."

"Maji tu hayo! Fungulia maji ya bomba uyachanganye nayo, njano itapotea yenyewe."

Basi dawa haikununuliwa tena, na bomba likapandishwa cheo. Sumu ilibaki ile ile, ila sasa ilikuwa imeoga. Mama Chokaa alisema, akasema tena, akaonyeshwa mlango ulipo akitaka kuondoka. Nyumbani alimsihi mama mkwe asimwagilie.

"Sasa mwanangu, mboga zitakunywa nini? Salamu?"

Roho ilimuuma kila alipowaona watoto wakitafuna.

Siku ya wakaguzi ikafika, bosi kavaa viatu vyeupe. Bomba lilipofunguliwa likakohoa, likatema kutu, likanyamaza. Mgao wa maji haumjui mgeni.

"Fungua koki yote!" bosi alinong'ona. "Yaondoke kabla hawajaingia!"

Mama Chokaa akaishika koki. Badala ya kuifungua, akaikaza mpaka kiganja kikamuuma. Tangi la maji machafu lilikuwa limejaa pomoni, na mafundi ndani walikuwa bado wanamwaga. Maji ya njano yalipokosa njia ya kwenda kwa mama mkwe, yakarudi kwa mwenyewe.

Yalitanda sakafuni wakaguzi wakiwa ndio wanaingia. Yalipovikaribia vile viatu vyeupe, bosi aliruka juu ya meza.

"Msikanyage! Sumu hiyo! Sumu!"

Wakaguzi wakasimama mlangoni, wakamtazama. Hawakuhitaji hata kutoa chupa zao za kupimia.

Mama Chokaa alijua kazi imekwisha, na kwa mara ya kwanza tangu bomba lipandishwe cheo, alijisikia mwepesi. Alisogea na mabuti yake ya mpira mpaka karibu na meza.

"Maji tu hayo, bosi," alimwambia. "Shuka."